Makopo Arobaini Kwenda Kakoba

Lazima nianze na mbuzi, kwa sababu bila mbuzi nisingefika Mbarara.

Ni mbuzi wa Pasta, jirani yetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, nao wameokoka kila mahali isipokuwa tumboni. Jumapili moja, sisi tukiwa kanisani kwenye ubeti wa mwisho, waliingia katika kitalu chetu nyuma ya nyumba wakala nusu ya Kundi A na nusu ya Kundi B. Kundi A lilikuwa mlonge, Kundi B lilikuwa lenga-lenga, mchicha wetu. Tonton Byamungu alipofika hakupiga kelele. Alisimama na daftari lake, akawatazama wale mbuzi wakirukaruka, akaandika kitu. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: “Walaji wote wanaonyesha nguvu nyingi.”

Tonton ni mdogo wake mama. Kule Kivu ya Kusini, kabla ya vita, alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa mimea. Yeye anasema alikuwa mtafiti. Mama anasema alikuwa akiosha vyungu vya miche. Mimi nadhani wote wawili wanasema kweli, maana mtu akiosha vyungu miaka minane mahali kama pale, kuna mambo mengi yanamwingia.

Utafiti wetu ulikuwa mdogo, na niliupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Tulitaka kujua ni majani gani yakikaushwa kivulini yanabaki kijani kwa muda mrefu. Tulitaka kujua ni unga wa majani gani mtoto anaweza kuunywa kwenye uji bila kuutema kifuani mwa mama yake. Pia tulikuwa na mimea ambayo wazee huiulizia wakiumwa: mchaichai, mubirizi ule mchungu, na artemisia yenye harufu kali. “Tunatafiti, hatutibu,” Tonton aliwaambia waliokuja na matumbo yao mlangoni. Mwalimu wetu wa sayansi alikubali tupime majani kwenye mizani ya shule kila Ijumaa. Aliniambia niandike kila kitu, hata cha aibu. Ndiyo maana mnasoma haya.

Tulichokosa ni udongo. Kiwanja chetu ni cha nyumba na maharage, na mama anajua idadi ya mashimo yake ya maharage kama anavyojua idadi ya watoto wake. Shule ilitupa kona, lakini mpira unapita pale. Kanisa likatupa upenu, lakini mbuzi mnawajua. Kisha siku ya soko akaja Mama Kyomuhendo, mjane wa mtaa wa Kakoba kule Mbarara, ambaye hununua maharage kwetu. Alikunywa chai yetu ya mchaichai, akaongeza kikombe cha pili, akasema, “Nyuma ya nyumba yangu kuna udongo umekaa bure. Mukuje muone.”

Mama yangu alitupa siku tatu.

“Miche imetoboa makopo, mizizi inatoka inje,” alisema. “Mukirudia hapa bila fasi ya kupanda, hii mambo ya majani inaisha. Byamungu atatafuta kazi ya watu, na Mapendo kila asubui anaingia ku shamba pamoja nami.”

Mapendo ni mimi. Nilikwenda kuhesabu makopo. Mimi sijibu mara nyingi.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa kando ya barabara ya Base Camp na makopo arobaini: ya nyanya, ya maziwa ya unga, na moja la rangi ambalo Tonton aliapa ameliosha. Tulikuwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka, imekunjwa ndani ya Biblia. Pikapu ya maziwa ilifika kutoka Endiinzi, madebe yamefungwa kamba nyuma. Dereva aliitwa Kamugisha, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua.

“Mzee, hii majani yote inaenda wapi?” aliuliza. “Mbarara ng'ombe wamekuambia wana njaa?”

“Ni utafiti, bwana.”

“Sawa. Na huyu toto hana mdomo?”

“Iko nayo,” Tonton alisema. “Anaichunga tu isichakae.”

Nikapanda nyuma nikakaa kati ya madebe, kopo la rangi mapajani. Tonton hasafiri bila kuomba, na haombi kwa kifupi. Aliombea dereva, akaombea mbele ya gari, akaombea nyuma, akaanza kuombea magurudumu moja baada ya jingine. Alipofika la tatu Kamugisha akawasha injini.

“Amina, mzee, amina! Maziwa itageuka!”

Gurudumu la nne likaenda bila baraka. Nilikaa upande wake.

Njia ilikuwa ya vumbi jekundu. Kulia tuliacha ziwa, likiwa jeupe kama sahani. Kisha vikaja vilima vya ng'ombe wenye pembe ndefu, na baada yake migomba, migomba, mpaka nikachoka kuihesabu. Kila tulipoingia shimoni, maziwa yalisema chubwi na mimi nikakumbatia makopo. Miche kumi na minane ya mlonge iliyonusurika mbuzi nilikuwa nimeitafutia mahali salama kuliko pangu.

Saa mbili hivi, kabla ya Isingiro, tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alikuwa kijana mrefu, na kwa matamshi yake Kamugisha, aliyekuwa ameshuka, alininong'oneza kwamba ametoka mbali, upande wa mashariki kabisa. Alizunguka gari, akasimama mbele ya makopo ya artemisia. Majani yake ni membamba, yamechanikachanika. Nilijua anachofikiria kabla hajasema.

“Hii ni njaga.”

Njaga ni bangi. Tonton akatoa Biblia, akatoa karatasi. Karatasi ilisema watu wawili wanaruhusiwa kwenda Mbarara. Haikusema lolote juu ya mimea. Tonton akaanza kueleza ukoo wa artemisia kwa Kifaransa, kisha kwa Kilatini, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa askari ulivyozidi kuamini kwamba ni bangi.

“Mzee, nyamaza. Hii kitu watu wanakula?”

“Yote hapa inakulwa!”

“Basi kula. Huyu msichana akule, mimi naona.”

Wote wakanigeukia. Mashavu yangu yaliungua. Lakini nitasema kweli: ndani ya ile aibu kulikuwa na shetani mdogo amekaa. Nilichuma jani la lenga-lenga nikaweka mdomoni mwangu. Kisha, kwa adabu zote za shule ya Jumapili, nikachuma jani pana la mubirizi, nikampa askari kwa mikono miwili nikiwa nimeinama, ili tule pamoja.

Akalitafuna. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili macho yakaanza kumtoka.

“Sumu!”

“Si sumu, ssebo,” Kamugisha alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. “Ni mubirizi. Mimi nyanya yangu alinipa kila nikiumwa tumbo. Shukuru Mungu, leo hautaumwa.”

Askari alitema, akatema tena, akanywa maji ya chupa yote, akafungua kizuizi kwa mguu.

“Endeni! Endeni na uchungu yenu!”

Saa tano tuliingia Mbarara. Kamugisha alitushusha na makopo yetu, na bodaboda tatu zikatuzunguka kabla vumbi halijatulia. Walitaka kujua kama tunafungua hoteli ya sungura. Mwendeshaji wangu alikuwa na huruma: alivua jaketi lake akafunika mlonge, akaendesha hadi Kakoba taratibu kama anayebeba mama mjamzito, akiwatukana wengine wote waliompita.

Mama Kyomuhendo ana duka dogo la sabuni na mafuta ya taa mbele, nyumba katikati, na nyuma kiteremko cha udongo kinachoishia kwenye migomba. Alitupokea kwa salamu za Kinyankole zilizokwenda na kurudi mpaka nikasahau nani aliuliza na nani alijibu. Akatupa maziwa. Akatupa matoke. Hakutuacha tuguse neno la udongo mpaka sahani zilipokwisha. Ndipo akatupeleka nyuma.

“Kutoka hapa kwa choo mpaka migomba ile,” alisema. “Watoto wangu wako Kampala, hakuna mtu analima. Mulime.”

Tonton akapiga magoti, akachukua udongo kidogo, akautia ulimini.

Mama Kyomuhendo akamtazama. “Chumvi iko sawa?”

“Ni muzuri, nyabo. Muzuri sana!”

Alicheka akarudi dukani. Tonton alikuwa na furaha hata akasahau kuombea udongo. Akasema anakwenda kutafuta kamba ya kupimia, na kwamba mimi niweke vijiti kwenye pembe za matuta, tuone Kundi A litakaa wapi na Kundi B wapi. “Tia bijiti bizuri,” alisema. “Bisioze.”

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na wakati nalifanya nilijipongeza.

Kando ya choo kulikuwa na rundo la matawi yaliyokatwa kwenye ua wa jirani. Unaujua ule mmea wenye majani marefu kama ya mahindi, unaokauka ukashika tena popote unapochomekwa? Shina lake limenyooka, ni bichi, halipendwi na mchwa. Nikasema moyoni, hivi ndivyo vijiti vya mtafiti. Sikuweka vinne. Niliweka kumi na viwili, kwa mstari, na kila kimoja nikakiachia kishungi cha majani juu kwa urembo. Nilipima kwa hatua zangu kuanzia chooni. Hatua zangu ziliongezeka kidogo upande wa migomba, lakini nani anahesabu hatua za mtu mwenye furaha? Kuku mmoja tu alikuwa akinitazama; Tonton aliporudi na kamba na Mama Kyomuhendo alipofunga duka, giza lilikuwa limeshaingia.

Alhamisi, saa moja asubuhi, kelele za mwanamume zilinitoa kwenye mkeka. Zilikuwa za Kinyankole, na neno moja tu nililielewa, “empunzi”, kwa sababu ni sisi. Wakimbizi.

Mzee mmoja mrefu mwenye koti alikuwa amesimama kati ya vijiti vyangu akivielekezea fimbo yake kimoja kimoja. Huyo ndiye Mzee Tibenda, kaka wa marehemu mume wa Mama Kyomuhendo. Migomba ile ilikuwa yake. Mama Kyomuhendo alitoka na kitenge cha kulalia, akaona mstari wangu, akakaa juu ya jerikeni kama mtu aliyekatwa miguu.

“Mapendo, mwanangu. Nani alipanda hiyo?”

“Mimi.”

“Na nani alikutuma?”

Tonton alifika nyuma yangu akipangusa macho. Alipoona, akashika kichwa kwa mikono miwili. “Mapendo,” alisema polepole, “umetangaza vita.”

Ndipo nikaelezwa. Ule mmea, hapa kwao na hata kule kwetu Kivu, ni mmea wa mpaka. Baba akiwagawia wanawe ardhi, hupandwa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na ukishashika hakuna wa kuung'oa. Ukiuchomeka ardhini umesema: kuanzia hapa ni kwangu. Na mimi nilikuwa nimesema hivyo mara kumi na mbili, kwa vishungi, katika udongo wa kuazima, na mara tatu za mwisho nilikuwa nimesema ndani ya migomba ya Mzee Tibenda.

Tonton aliyajua hayo tangu utotoni. Mimi nimekulia Nakivale. Kwetu mpaka ni namba iliyopakwa rangi kwenye mlango, na karatasi ya ofisi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Sikuwahi kufikiria kwamba mmea unaweza kuwa karatasi.

Saa tatu aliitwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mwanajeshi zamani, na Kiswahili chake kilisimama wima kama yeye. Majirani walileta viti vyao wenyewe, na mmoja alileta chai.

“Nani alipanda hii mpaka?” mwenyekiti aliuliza.

“Ni mtoto, afande, hajui...” Tonton alianza.

“Wewe hapana. Huyu. Wewe ulipanda?”

Niliitikia kwa kichwa.

“Sema kwa mdomo!”

“Ndiyo.”

“Mpaka inapandwa na shahidi. Shahidi yako alikuwa nani?”

Sikutaka kuchekesha mtu. Nilikuwa najaribu tu kujibu swali sawasawa, kama kwenye mtihani.

“Kuku,” nilisema.

Yule mwenye chai akaimwaga. Hata Mama Kyomuhendo pale kwenye jerikeni alifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Mzee Tibenda peke yake hakucheka.

“Ng'oa,” mwenyekiti alisema. Niling'oa vyote kumi na viwili mbele ya watu, na kila kimoja nilikiona kirefu kuliko jana.

“Leo kijiti, kesho nyumba,” Mzee Tibenda alisema. “Waende!”

“Shamba ni langu, shemeji,” Mama Kyomuhendo akajibu, na sasa alikuwa amesimama. “Mimi ndiye niliwaita.”

“Ulilipata kwa ndugu yangu!”

“Na ndugu yako aliniachia mimi!”

Nilielewa basi kwamba vijiti vyangu viliangukia kwenye ugomvi wa zamani, kama mtu anayekanyaga mkia wa mbwa gizani. Mwenyekiti aliinua mkono. Akasema mjane anaweza kuazima udongo wake kwa anayemtaka, lakini kwa msimu mmoja, na mgeni apande tu kitu kinachokufa mvua zikiisha. Mboga, ndiyo. Mti, hapana.

“Mti ni kama mtoto wa kiume,” Mzee Tibenda alisema, akitikisa kichwa kukubali. “Akizaliwa hapo, atadai hapo.”

Nikayatazama makopo yangu yaliyopangwa ukutani. Sikuhitaji kuambiwa la kufuata.

Saa nne ilianza kesi ya makopo. Tonton aliinua moja moja, na kijiji kizima kikahukumu. Lenga-lenga hawakuijadili. “Hiyo ni doodo, hata kwangu iko,” walisema, ikapita. Mchaichai: nyasi, ipite. Artemisia iliwagawa. Shina lake ni gumu, alisema mmoja. Tonton akaapa kwamba ikishatoa maua inakufa yenyewe, na hapo hakuongopa. Ikapita, baada ya kunuswa na watu tisa. Mubirizi ilikuwa kesi fupi: mti. Lakini kabla hukumu haijaisha kusomwa, majirani watatu walikuwa wameshaomba wapande kwao, na makopo yakaondoka.

Ikabaki milonge. Makopo kumi na manane. Hiyo ndiyo iliyokuwa utafiti wenyewe. Unga wake ndio tuliokuwa tumeanza kuupima, na ndio pekee ambao mdogo wangu anakunywa kwenye uji bila vita.

“Hii ni mboga,” Tonton alisema, akiwa ameinua kopo juu kama mwenye kubariki. “Majani yake tunakula. Kila siku tunakula.”

“Kweli ni mboga?” mwenyekiti aliuliza.

“Ni mboga kabisa.”

Mwenyekiti aliutazama mche, akamtazama Tonton. Kisha akageuza shingo. “Wewe wa kuku. Hii mboga inafika wapi?”

Tonton alitazama mbinguni. Mama Kyomuhendo alitazama miguu yake. Nilijua kabisa jibu tunalolihitaji. Lingekuwa “kiunoni”, au hata “kifuani”, na milonge yote ingepandwa pale. Lakini nilikuwa nimeshaongopa kwa vijiti kumi na viwili bila kujua, na sikuwa na nguvu ya kuongopa tena nikijua.

“Inapita paa,” nilisema.

Tonton alitoa sauti kama ya tairi lililotobolewa. Watu wakanung'unika. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu. Mimi nikaona mwaka wangu mzima unarudi Nakivale kwenye makopo ya nyanya, ukafe polepole mlangoni kwetu mbele ya mama.

Ndipo Mzee Tibenda akasogea. Alichukua kopo moja, akasugua jani kwa kidole gumba, akanusa.

“Inapita paa, kweli?”

“Kweli, mzee.”

“Mbao yake nzuri?”

“Hapana. Ni laini.”

“Kivuli?”

“Kidogo tu.”

“Eh, huyu toto hajui kuuza kitu!” alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Akamgeukia mwenyekiti. “Mti ukisimama kwangu ni wa nani?”

“Wako, mzee. Mti ni wa mwenye udongo.”

“Hata kama mwingine alileta mbegu?”

“Hata kama.”

“Basi hii yote wapande kwangu. Mstari mmoja, ndani ya mpaka wangu, kutoka juu mpaka chini. Hapo kila mtu ataona Tibenda anaishia wapi.” Akampiga shemeji yake jicho.

Mama Kyomuhendo alikunja mikono kifuani. “Panda, shemeji, panda. Mimi nani amekuzuia?”

Sijui nani alinisukuma, maana hakuna aliyekuwa ameniuliza.

“Na majani?” nilisema.

“Majani gani?”

“Ya milonge. Ni ya nani?”

Mzee Tibenda alinitazama kama niliyeuliza kivuli cha fimbo yake ni cha nani. “Mimi ni ng'ombe? Chukueni majani yote. Mti ni wangu!”

“Mmesikia wote,” mwenyekiti alitangaza. “Mti wa mzee, majani ya wageni. Na leo shahidi ni watu.”

Tonton, ambaye hawezi kuona mtu mjinga bila kumwelimisha, akafungua mdomo. Niliona inakuja: faida za majani, moja baada ya nyingine, kwa lugha tatu. Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa kisigino, kwa heshima zote, mpaka akafunga mdomo.

Alasiri tulipanda. Lenga-lenga, mchaichai na artemisia kwa Mama Kyomuhendo. Milonge kumi na minane kwa Mzee Tibenda, yeye akitembea mbele na fimbo akionyesha kila shimo. Alikuwa mkali juu ya kunyooka kwa mstari kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Tulipofika mche wa mwisho, alisimama.

“Toto ya kuku.”

“Naam, mzee.”

“Ulijua ukisema fupi utashinda?”

“Nilijua.”

Akagonga udongo kwa fimbo. “Kila mwezi utakuja kuangalia miti yangu. Ikikauka, wewe utajibu. Na uje wewe. Huyo mjomba wako anakula udongo, simwamini.”

Mke wake, aliyekuwa akituletea maji, alikuwa ameshachuma majani machache na kuyafunga kwenye pindo la kanga yake. Alinikonyeza. Nadhani nyumbani kwake kulikuwa na mtu mmoja anayejua mlonge ni nini, na hakuwa mzee.

Ijumaa, saa nane mchana, Kamugisha alitupitia na madebe matupu. Tonton aliomba, na gari zima likabarikiwa bila kuwashwa. Njiani Kamugisha alitaka kujua makopo yamekwenda wapi. Nilianza kumweleza kidogo tu, ili asizidi kuuliza, na tulipofika kwenye vilima vya ng'ombe nilikuwa bado naeleza. Pale kwenye kizuizi askari alikuwa yule yule. Alituona akafungua mapema.

Tonton alikuwa akiandika, daftari likirukaruka gotini. Aliniruhusu nisome. “Mahali: Kakoba. Mwenye udongo: Mzee Tibenda. Mwenye miti: Mzee Tibenda. Mwenye majani: sisi.” Chini yake, kwa herufi ndogo: “Mguu wangu wa kulia unauma.”

Wenzangu wa darasani wameniuliza nilijifunza nini safarini. Nilijifunza kwamba usichomeke kitu katika udongo wa watu kabla hujauliza kile kitu kinasema nini kwao. Nilijifunza pia kwamba mimi na Tonton tulizunguka mwaka mzima tukiomba ardhi, tukiwatisha wenye ardhi, na kumbe ardhi hatukuihitaji. Tulihitaji mahali ambapo mche unaweza kusimama na mtu wa kuturuhusu tuchume. Kama tungejua kuomba hivyo tangu mwanzo, labda hata Pasta angewafunga mbuzi wake. Au labda hapana.

Saa kumi na moja jioni mama alitukuta mlangoni, mwiko mkononi.

“Fasi mulipata?”

“Ya mboga tulipata, ya musimu mumoja,” Tonton alisema.

“Na ile miti?”

“Ile tulimupa mwenye udongo.”

“Mulimupa? Miti yote?”

“Yote,” nilisema. “Tulibakiza majani.”

Mama alinitazama mimi, akamtazama mdogo wake, akaanza kucheka polepole, kama sufuria inayokaribia kuchemka.

“Bon. Na kila mwezi nani atakuwa anaenda kule kuyachuma?”

Tonton akafungua mdomo.

“Mimi,” nilisema.

“Weye? Weye Mapendo? Utawaambia nini bale batu?”

“Nitawasalimia, nitachuma, nitarudi,” nilisema. “Na kijiti sitagusa hata kimoja.”